Je, Wajua? Kisanduku cha Buluu Kinachopima Joto na Unyevu wa Hewa

Je, wajua kwamba kile kisanduku cha buluu chenye vitundu kama vya kichujio, ambacho karibu kila anayeanza kucheza na bodi ya kielektroniki ya Arduino hukinunua mapema, kina vipimo viwili ndani yake? Kinaitwa DHT11. Upana wake ni milimita 12 na urefu milimita 15.5, hivyo ukucha wa kidole gumba unatosha kukificha. Kimoja cha vipimo hivyo hupima joto la hewa, cha pili hupima unyevu wake.

Je, wajua kwamba kina ndugu mweupe? Huyo ni DHT22, ambaye madukani huuzwa pia kwa jina la AM2302. Cha buluu hupima joto kuanzia nyuzi 0 hadi 50 za Selsiasi, na kiwanda kinaruhusu kosa la nyuzi 2 juu au chini. Cheupe huanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 80 juu yake, kwa kosa la nusu nyuzi. Maana yake ni hii: cha buluu kikikuambia nyuzi 30, hewa yenyewe inaweza kuwa na 28 au 32, na hakuna atakayesema kifaa ni kibovu. Kwa unyevu kosa lake ni asilimia 5, la cheupe ni 2 hadi 5. Watu wengi hununua cha buluu kwa sababu ya bei, na si vibaya. Vibaya ni kukinunua kisha kukiamini bila kukipima, na hilo nitalirudia.

Je, wajua kwamba kinachopima joto humo ndani ni themista, rezista ambayo ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda? Waya wa shaba hufanya kinyume: ukipata moto, ukinzani huongezeka. Tabia hii ya ajabu, ya ukinzani kushuka joto likipanda, iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1833, alipokuwa akichunguza salfaidi ya fedha.

Unyevu nao hupimwa kwa ujanja mwingine. Kisanduku cheupe kina kapasita ndogo yenye utando wa polima unaonyonya mvuke. Maji huongeza uwezo wa kapasita karibu mara 80 ukilinganisha na ombwe. Plastiki nyingi huongeza mara 2 hadi 4 tu. Kwa hiyo hata mvuke kidogo ukiingia kwenye utando, chipu inaona.

Je, wajua kwamba kabla ya haya yote unyevu ulipimwa kwa unywele wa binadamu? Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva aliandika juu ya kipimo chake cha unywele mwaka 1783. Unywele uliosafishwa mafuta hurefuka kwa takriban asilimia 2 na nusu ukitoka kwenye hewa kavu kabisa kuingia kwenye hewa iliyojaa mvuke. Akaufunga kwenye mshale, mshale ukasogea. Vipimo vya namna hiyo viliendelea kutumika kwenye vituo vya hali ya hewa hadi karne ya 20.

Je, wajua kwamba Anders Celsius, mwaka 1742, aliweka sifuri mahali maji yanapochemka na 100 yanapoganda? Ngazi hiyo iligeuzwa baadaye, ikawa hii tuijuayo.

Arduino nayo ilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, na jina lake lilitokana na baa walimokuwa wakikutana waanzilishi wake. Baa yenyewe ilibeba jina la mfalme wa zama za kati.

Je, wajua kwamba kihisi hiki cha DHT huongea kwa waya mmoja tu, na mazungumzo yake huanza kwa hodi? Bodi huushusha waya hadi volti sifuri kwa milisekunde 18 hivi, kisha huuachia. Kihisi huitikia: huushusha kwa mikrosekunde 80, huuinua kwa 80. Hapo ndipo habari zinapoanza kutoka, biti 40 mfululizo. Kila biti hutanguliwa na kimya cha mikrosekunde 50. Umeme ukipanda na kukaa juu kwa mikrosekunde 26 hadi 28, hiyo ni sifuri. Ukikaa 70, ni moja. Mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo bodi inayosikiliza haina nafasi ya kusinzia.

Ndiyo maana Raspberry Pi, ambayo ni kompyuta kamili yenye kazi nyingi kwa wakati mmoja, wakati mwingine hukosa kusoma, huku Arduino Uno yenye kumbukumbu ya kilobaiti 2 ikisoma bila taabu. Uno ina kazi moja tu.

Je, wajua kwamba biti 8 za mwisho kati ya zile 40 ni za uhakiki? Tuseme kisanduku cheupe kimetuma baiti tano, yaani namba za biti 8 kila moja: 3, 16, 1, 40, na mwisho 60. Jumlisha nne za kwanza: 3 na 16 ni 19, na 1 ni 20, na 40 ni 60. Hesabu imekubali, hakuna kilichopotea njiani. Sasa unyevu: 3 mara 256, ongeza 16, unapata 784, gawa kwa 10, ni asilimia 78.4. Joto: 1 mara 256, ongeza 40, ni 296, yaani nyuzi 29.6. Fanya hesabu hii kwa mkono walau mara moja. Atakayeifanya hataiona tena programu ya kihisi kama uchawi.

Tena itamwokoa siku moja. Je, wajua kwa nini watu huona kwenye skrini unyevu wa asilimia 1664 na joto la nyuzi 742? Kihisi kizima, waya sawa, bodi sawa. Wameunganisha kisanduku cha buluu lakini katika programu wameandika DHT22. Cha buluu hutuma namba nzima kwenye baiti ya kwanza ya kila kipimo, tuseme 65 kwa unyevu na 29 kwa joto, na sifuri kwenye sehemu za desimali. Programu inayodhani inaongea na cheupe huzidisha 65 kwa 256 na kugawa kwa 10: 1664. Kwa 29 inapata 742.4. Sahihisha neno moja kwenye programu, kila kitu kinatulia.

Je, wajua kwamba mguu wa tatu wa kihisi chenye miguu minne hauna kazi yoyote? Umewekwa tu, wala hauunganishwi na kitu.

Lakini kile chenye miguu mitatu, kilichokwisha kupachikwa kwenye kibao chake, kinahitaji macho. Mpangilio wa miguu hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine: huyu ameweka waya wa habari katikati, yule ameuweka pembeni. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye kibao chako, si picha ya kibao cha mwenzako. Ukigeuza chanya na hasi, kihisi huanza kupata moto mara moja, na mara nyingi hakiponi.

Kibao hicho kwa kawaida kina rezista yake tayari. Ukinunua kihisi kitupu, weka mwenyewe rezista ya kiloomu 4.7 hadi 10 kati ya waya wa habari na chanya. Bila hiyo waya hauna cha kuurudisha juu.

Je, wajua kwamba ukikiuliza haraka hakijibu upya? Cha buluu kinataka sekunde 1 kati ya swali na swali, cheupe sekunde 2. Kikishindwa, skrini huandika herufi tatu: nan. Maana yake ni kwamba hakuna namba iliyopatikana. Angalia waya uliolegea kwanza, rezista pili, haraka yako tatu.

Na je, ukitumia Raspberry Pi au ESP32? Miguu ya bodi hizo ni ya volti 3.3. Lisha kihisi volti 3.3 pia; ukikilisha 5, waya wa habari unaweza kupanda hadi 5 na kuiumiza bodi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo nadhani ndilo kiini cha kifaa hiki, na ambalo wengi hulipita. Je, wajua kwamba ile asilimia ya unyevu haikuambii hewa ina maji kiasi gani? Inakuambia hewa imejaa kwa kiwango gani ukilinganisha na inachoweza kubeba kwa joto lile lile. Na uwezo huo hubadilika sana. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 10 hubeba mvuke usiozidi gramu 9.4. Ikiwa na nyuzi 20, hubeba 17.3. Kwa nyuzi 30, hubeba gramu 30 na kidogo. Chukua chumba chenye nyuzi 20 kilichojaa mvuke kabisa, asilimia 100. Kipashe joto hadi nyuzi 30, usiongeze wala usipunguze hata tone. Kihisi kitasoma asilimia 57 hivi. Maji ni yale yale. Chombo ndicho kilichopanuka. Ndiyo sababu alfajiri namba hupanda na mchana hushuka hata kama hewa ni ile ile ya jana, na ndiyo sababu umande huanguka usiku.

Hapa pana mtego kwa fundi. Ukipachika kihisi karibu na chipu inayopata moto, kisanduku chenyewe kinakuwa na joto kuliko hewa ya chumba, na hewa iliyomo ndani yake inaonekana kavu. Katika joto la nyuzi 30, nyuzi moja tu ya ziada hugeuza asilimia 80 kuwa 75 na kidogo. Kihisi hakijadanganya, kimepima hewa ya pale kilipo, na pale kilipo ni juu ya mgongo wa ESP32. Kitenge kwa waya wa sentimita 20 au zaidi, weka matundu pande zote za boksi, na bodi iwe juu yake, kwa kuwa hewa ya moto hupanda.

Je, wajua jaribio la haraka kuliko yote? Kipumulie. Unyevu utaruka ndani ya sekunde chache, kisha utashuka polepole. Kisiporuka, kimekufa au hakijaunganishwa.

Wafugaji wa kuku wanaojitengenezea mashine ya kutotolesha vifaranga, hii ni yenu. Yai la kuku huchukua siku 21. Katika mashine yenye feni, joto hutakiwa kuwa karibu nyuzi 37.5 muda wote. Unyevu huwekwa asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, kisha hupandishwa hadi 65 au 70 siku tatu za mwisho, ili utando wa ndani ya yai usikauke ukamkaba kifaranga anayehangaika kutoka. Sasa rudi kwenye kosa la kisanduku cha buluu: nyuzi 2. Kinaposoma 37.5, mayai yanaweza kuwa kwenye 35.5 au 39.5. Joto la 39.5 likidumu siku kadhaa, viinitete vingi hufa. Kwa mashine ya mayai mimi nasema wazi: tumia cheupe, au cha buluu kwa unyevu tu na kingine kwa joto.

Hicho kingine kinaweza kuwa DS18B20, kihisi cha joto pekee, ambacho huuzwa pia ndani ya bomba la chuma lisilopitisha maji. Je, wajua kwamba kila kimoja hutoka kiwandani na namba yake ya biti 64 isiyofanana na ya mwenzake? Kwa hiyo unaweza kuvifunga vingi kwenye waya mmoja na kuviita kimoja kimoja kwa jina. Na kikikuonyesha nyuzi 85 kamili chumbani kwako, usikimbilie ndoo ya maji. Hiyo ndiyo namba kinayoamka nayo kinapowashwa, kabla hakijapima chochote.

Je, wajua kwamba herufi moja inaweza kukukosesha unyevu wote? BME280 ya kampuni ya Bosch hupima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. BMP280 haipimi unyevu. Kwa macho vibao vyake hufanana sana, na wapo waliouziwa kimoja kwa jina la kingine. Iulize chipu namba yake ya utambulisho kwa programu: BME280 hujibu 0x60, BMP280 hujibu 0x58.

Je, wajua kwamba kihisi kilichowekwa juani hakipimi joto la hewa? Kinapima joto la plastiki iliyochomwa na jua. Dawa yake ni kisanduku cheupe cha mbao chenye kuta za vipande vilivyoinama, kilichobuniwa na Thomas Stevenson, mhandisi Mskoti wa minara ya taa. Mwanawe ndiye aliyeandika riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Kisiwa chenye Hazina. Nyumbani unaweza kuiga kwa visahani vyeupe vya plastiki vya kuwekea chungu cha maua: pachika vitano au sita kimoja juu ya kingine kwa nafasi, toboa katikati vyote isipokuwa cha juu, ning'iniza kihisi humo. Kimo kinachotakiwa ni kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini.

Kazi ya namna hii si mchezo wa watoto tu. Mradi wa TAHMO, ulioanzishwa na Nick van de Giesen wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, na John Selker wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, ulijiwekea lengo la vituo 20,000 vya hali ya hewa Afrika kusini mwa Sahara, na vingi vya vituo vyake vimesimamishwa kwenye viwanja vya shule.

Je, wajua kwamba huwezi kusahihisha kipimo cha joto Nairobi kwa maji yanayochemka ukidhani ni nyuzi 100? Kule juu maji huchemka karibu nyuzi 94. Barafu inayoyeyuka ni shahidi mwaminifu zaidi: nyuzi 0, Lamu hata Nairobi. Ila DHT usikitumbukize majini hata siku moja. Jaribio la barafu ni la kile chenye bomba la chuma.

Kisanduku cheupe cha DHT22 kikigota kwenye asilimia 99.9 na kukataa kushuka, huenda mvuke umegeuka maji juu ya utando wake. Mivuke ya asetoni, gundi na vimiminika vya kusafishia nayo huuharibu. Maelezo ya kiwanda yanatoa tiba: kiweke penye nyuzi 50 hadi 60 na hewa kavu sana kwa saa 2, kisha penye nyuzi 20 hadi 30 na unyevu unaozidi asilimia 70 kwa saa 5.

Nimesema nitarudi kwenye kukipima. Je, wajua kwamba kifaa cha kusahihishia kihisi cha unyevu kiko jikoni kwako? Ni chumvi. Chukua kizibo cha chupa ya soda, kijaze chumvi safi ya mezani, dondoshea maji matone machache hadi iwe kama mchanga uliolowa. Isiwe maji yenye chumvi, punje zionekane. Weka kizibo pamoja na kihisi ndani ya chombo cha plastiki kinachofungika, vitu hivyo viwili visigusane, ziba vizuri mahali waya zinapopita. Kiache saa 8 au zaidi penye joto lisilobadilika. Hewa ya humo ndani itafika asilimia 75 na kusimama hapo. Kwa nyuzi 20 ni 75.5, kwa nyuzi 30 ni 75.1. Mabadiliko ni madogo kiasi kwamba kisanduku chako hakiwezi kuyaona. Kikisoma 81, unajua kinazidisha 6, na unaandika kwenye programu: toa 6.

Kwa nini 75? Hewa ikizidi hapo, chumvi hunywa mvuke wake. Ikipungua, chumvi iliyolowa huurudisha. Watu wa Tanga, Mombasa na Unguja wanalijua hili bila kihisi chochote: chumvi mezani hulowa na kushikana, ndipo mtu anatia punje za mchele ndani ya kikopo. Kumbe hewa ya pwani imepita 75. Ila kwa jaribio usitumie chumvi ghafi ya mashambani, kwa kuwa magnesi iliyomo huishusha ile namba.

Na chumvi hiyo hiyo hupima mahindi. Tia mahindi ndani ya chupa kavu ya kioo hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15. Ni kanuni ile ile: mahindi yenye maji kiasi hicho huifikisha hewa inayoyazunguka karibu na 75, na chumvi inaanza kulowa.

Tatizo ni kwamba mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yashuke hadi asilimia 13.5, na chupa haiwezi kuona tofauti ya 14 na 13. Hapo ndipo kihisi kinapolipa gharama yake. Kizamishe katikati ya gunia kikiwa kimefungwa kwa kitambaa cha kuzuia vumbi; hewa ya kati ya punje ikae chini ya asilimia 65 hadi 70. Ikipanda juu ya hapo na kubaki, kuvu anapata makao, na kuvu huyo ndiye mwenye sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliwapata watu 317, wakafa 125. Kisanduku cha buluu chenye kosa la asilimia 5 kikisoma 65, gunia linaweza kuwa kwenye 70, na wewe umelala usingizi.

Kwa hiyo leo usiku, kabla ya kukipeleka kihisi chako ghalani, kwenye mayai au popote penye kitu cha kuharibika, kifungie na kizibo cha chumvi. Asubuhi soma namba, na tofauti yake na 75 iandike mgongoni mwake kwa kalamu isiyofutika, pamoja na tarehe.